Pl@ntNet kwa mimea ya uani: wageni inawajua vizuri, wenyeji inababaika

Mvua za masika zikiisha, nusu ya kilichoota uani hakikupandwa na mtu. Lantana imeufunika uzio, mnavu umechipua pembeni mwa karo, mgagani umejaa nyuma ya jiko, na jalalani kuna kitu chenye majani kama ya karoti ambacho mwaka jana hakikuwapo. Kipi ni cha kung'oa, kipi ni cha kupika, kipi watoto wasikiguse? Pl@ntNet ni programu ya simu inayojibu swali linalotangulia hayo yote, yaani jina la mmea, maana bila jina huwezi hata kumuuliza mtu.

Programu hii imetoka Ufaransa, imejengwa na taasisi za utafiti za Cirad, INRAE, Inria na IRD, na kwenye simu ilianza kupatikana mwaka 2013. Ni ya bure. Unapiga picha au unachagua iliyomo kwenye simu, unataja ni sehemu gani ya mmea (jani, ua, tunda, gome au mmea mzima), kisha inakuletea orodha ya majina, kila moja na asilimia yake pamoja na picha za kulinganisha.

Hukumu naitoa mapema. Kwa mimea ya kigeni iliyolowea kwetu, ile iliyoletwa kama pambo, kivuli au kuni kisha ikatoroka bustanini, Pl@ntNet ni chombo kizuri kuliko vyote vya bure. Kwa mimea ya asili yetu, ichukulie kama kijana mwerevu aliyesomea mbali: ukoo atautambua, mara nyingi na jenasi (kundi la spishi za karibu) ataipata, lakini spishi (aina yenyewe ya mmea) atataja ile aliyoizoea alikosomea. Mwenye kujua udhaifu huo atafaidika nayo sana. Asiyeujua ataamini majina yasiyo sahihi kwa miaka.

Udhaifu wenyewe unatokana na picha. Programu hujifunza kutokana na picha zilizochangiwa na watumiaji, na wachangiaji wengi wako Ulaya. Lantana imesambaa India, Australia, visiwa vya Pasifiki na kwetu, kwa hiyo picha zake ni tele. Mimea ya asili ya Kenya, Uganda na Tanzania ni spishi zaidi ya 12,000, na nyingi kati ya hizo zina picha chache mno au hazina kabisa. Mmea usio na picha za kutosha hauwezi kutajwa kwenye majibu, hata uupige picha nzuri namna gani. Programu itakutajia ndugu yake wa karibu mwenye picha nyingi, na wakati mwingine kwa asilimia kubwa.

Kabla ya picha ya kwanza

Ukiifungua tu, inatafuta katika mimea ya dunia nzima. Nenda kwenye orodha ya maeneo, uchague Afrika ya kitropiki upande wa mashariki. Mabadiliko haya peke yake huondoa majibu mengi ya kipuuzi, kama vile magugu ya mashamba ya ngano ya Ulaya kuonekana Chalinze. Lakini kuna mtego: maua ya kitalu ambayo hayajaorodheshwa kuwa yameota yenyewe huku kwetu huenda yasiwemo kwenye orodha ya eneo, na hapo programu italazimisha jina la mmea mwingine. Kwa hiyo kilichoota chenyewe kitafute kwanza katika orodha ya eneo, na kinachoonekana kimetoka kwenye chungu cha jirani kitafute katika ya dunia. Orodha zote mbili zikitoa jina lilelile, umepata jambo la kushikilia. Zikitofautiana, usiandike jina bado.

Kwa kawaida programu inahitaji mtandao ili itoe jibu. Mahali ambapo mtandao hausomi, piga picha kwa kamera ya kawaida ya simu, kisha uzipakie jioni ukifika penye bando. Ubora wa jibu haupungui kwa kuchelewa. Unachokosa ni nafasi ya kurudi kuangalia nyuma ya jani, ndiyo maana picha zipigwe zote palepale.

Picha zenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kisha lawama wanaitupia programu. Picha ya kichaka kizima kutoka mita mbili haina faida. Kila picha iwe na sehemu moja ya mmea, na kila mmea uwe na picha tatu au nne katika utafutaji mmoja: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani zima kwa juu, na tunda kama lipo. Ua lina uzito kuliko yote. Jani peke yake hutosha kwa mimea michache tu yenye umbo lisilofanana na jingine, kama mpapai au mwarobaini.

Simu nyingi hazioni vizuri chini ya sentimita 10. Sogea hadi sentimita 15 hivi, gusa skrini juu ya ua ili kamera ilenge hapo, piga, kisha kata pembezoni mwa picha. Ukikaribia zaidi ya hapo, kamera hulenga majani ya nyuma na ua hubaki ukungu. Jua la saa sita huunguza maua meupe na ya njano hadi petali zionekane karatasi tupu. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ndio wakati wake, tena jamii ya viazi vitamu inayotambaa kwenye uzio hufumba maua kabla ya mchana. Upepo wa pwani unashindwa kwa kushika kikonyo kwa vidole viwili na kuweka kiganja nyuma ya ua, na kiganja hicho kinaficha pia majani ya mmea wa jirani. Picha yenye mimea miwili ndiyo chanzo kikubwa cha majibu ya ajabu, hasa kwenye uzio ambako kitambaazi kimeuparamia mti: unauliza kuhusu ua, programu inajibu kuhusu majani yasiyo ya ua hilo.

Miche michanga iache. Majani mawili ya kwanza ya mmea hayafanani na yanayofuata, na picha za kulinganishia karibu zote ni za mimea iliyokomaa. Subiri hadi majani sita au ua la kwanza.

Kuzisoma asilimia

Asilimia inaonyesha picha yako inafanana kiasi gani na picha walizonazo. Haithibitishi jina. Angalia pengo kati ya jibu la kwanza na la pili: 85 kwa 4 ni jibu zito, lakini 34 kwa 29, yote mawili yakiwa ya jenasi moja, maana yake jenasi imepatikana na spishi haijulikani. Andika jenasi, usonge mbele. Kisha bonyeza jina na ufungue picha za jani, ua na tunda moja moja, ulinganishe na mmea uliosimama mbele yako. Hatua hii inachukua dakika mbili, na wanaoiruka ndio wanaoishia na mwarobaini ambao si mwarobaini.

Mwarobaini na mmelia ni mfano wa kuutazama kwa karibu, kwa sababu kosa lake lina madhara. Watu huchuma majani ya mwarobaini kwa dawa. Mmelia, Melia azedarach, ni ndugu yake unaopandwa kwa kivuli na kuota wenyewe kando ya barabara, na matunda yake ni sumu. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja: mshipa mmoja wa kati, na vijani (majani madogo yanayounda jani moja) vilivyopinda kama mundu pande zote mbili. Jani la mmelia limegawanyika mara mbili: mshipa wa kati unatoa matawi, na matawi hayo ndiyo yenye vijani. Ukichuma tawi moja tu la jani la mmelia na kulipiga picha, limefanana sana na jani zima la mwarobaini, na programu haina njia ya kujua umekata kipande. Dawa yake ni kufuata kikonyo mpaka kwenye tawi la mti. Pale jani linapoanzia pana chipukizi dogo kwapani. Kijani kidogo hakina chipukizi kwapani mwake. Ukilipata chipukizi, umelipata jani zima, na hilo ndilo la kupigwa picha. Kama mti una maua, kazi imekwisha: ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu yenye kijibomba cha zambarau iliyokolea katikati. Tunda la mwarobaini lina umbo la zeituni na huanguka likiiva. Ya mmelia ni ya mviringo, ya njano, na hubaki yakining'inia hata mti ukipukutisha majani. Ukiipa Pl@ntNet picha hizo kwa usahihi, inaitenganisha miti hii miwili bila kusita.

Inapong'ara

Kwa magugu makubwa ya kigeni ninaipa alama za juu. Lantana camara huitambua hata kwa ua moja. Hakikisha mwenyewe kwa kuangalia shina la pembe nne lenye vimiba vilivyopinda, na maua ya kichala kimoja yenye rangi tofauti kwa sababu hubadilika kadiri yanavyozeeka. Alizeti pori, Tithonia diversifolia, haiikosi. Mbono kaburi na mnyonyo huvitenganisha vizuri ukionyesha ukingo wa jani: wa mnyonyo una meno, wa mbono ni laini. Mathenge ya Baringo na Tana River pia huipata, ila zingatia kwamba jina la Prosopis juliflora limebadilishwa na wataalamu kuwa Neltuma juliflora, na unaweza kukutana na lolote kati ya hayo mawili. Mgagani nao una majina mawili, Gynandropsis gynandra na Cleome gynandra. Majina mawili kwa mmea mmoja yasikutie shaka, tafuta yote mawili.

Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010 na sasa liko sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, programu hulipata barabara likiwa na maua: vichwa vyeupe vya milimita 4 hivi, vyenye pembe tano. Likiwa bado limelala chini kwa majani tu, majibu hutawanyika kati ya mimea mingi ya majani yaliyochanika, na hiyo ndiyo hatua ambayo ungependa kulijua ili uling'oe kabla halijatoa mbegu zake kwa maelfu. Msaada uliopo hapo ni mistari: shina linaloanza kusimama lina mifereji inayoenda chini hadi juu, na jani lina vinyweleo laini. Mmea huu huwasha ngozi na kuleta pumu kwa wengine. Usiushike kwa mkono mtupu ili upate picha. Vaa glavu au mfuko wa plastiki.

Milima ya Usambara Mashariki ni mahali pazuri pa kuipima programu. Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa kujaribu mimea ya kila pembe ya dunia, na baadhi ya mimea hiyo imeingia msituni. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika chenye manyoya na mishipa mitano inayotoka chini ya jani hadi nchani, Pl@ntNet huitambua kwa jani tu. Maesopsis eminii, ule Waganda wanaouita musizi, ni mgumu zaidi ukiwa mrefu kwa sababu majani yako juu. Okota yaliyoanguka, uyaweke kwenye kitambaa cheusi, upige. Ukigeukia mimea ya asili ya msitu huohuo, majibu yanakuwa dhaifu ghafla. Hata ua maarufu la Usambara linalouzwa kama pambo la dirishani Ulaya nzima, lile lililopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893 na sasa limehamishiwa Streptocarpus, picha zake nyingi ni za aina za dukani zilizochanganywa, na ndugu zake wa porini hawatenganishwi.

Inapopotosha

Mnavu ndio mtihani wake mkubwa. Ukipiga picha mboga ya mnavu, uwezekano ni mkubwa jibu likawa Solanum nigrum kwa asilimia nzuri. Hiyo ni spishi ya Ulaya yenye picha nyingi sana. Mboga yetu mara nyingi ni Solanum scabrum, yenye majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokolea, au Solanum villosum, yenye matunda ya rangi ya chungwa. Kuna pia Solanum americanum, yenye vitunda vidogo vyeusi vinavyong'aa. Usipige picha ya mnavu bila tunda lililoiva, na usikubali jibu la jani tu.

Mshubiri ni hivyohivyo. Aloe vera imetoka Arabuni na maua yake ni ya njano. Kwetu kuna spishi za asili kadhaa, mfano Aloe secundiflora, ambayo maua yake mekundu-waridi hukaa upande mmoja wa tawi. Bila ua, programu ina mwelekeo wa kuziita Aloe vera zote. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwa sababu mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera peke yake. Anayeuza miche au utomvu nje ya nchi asitegemee jibu la simu.

Kivumbasi na mrehani hutambulika hadi jenasi ya Ocimum, kisha spishi zinachanganywa. Pua inasaidia kuliko kamera. Nyasi ziache kabisa, zinahitaji hadubini na mtu anayezijua. Ndago uitambue kwa vidole: zungusha shina, utahisi pembe tatu, kisha chimba utafute vitunguu vyake.

Na mboga za porini zisiliwe kwa idhini ya programu. Mnanaha, yaani Datura, ukiwa mchanga una jani linaloweza kuchumwa pamoja na mchicha, na sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Mgagani wenye maua meupe ni mboga. Ndugu yake mwenye maua ya njano na shina linalonata, Cleome viscosa, ni mmea mwingine kabisa. Jina la simu lipelekwe kwa mama anayeuza mboga za kienyeji sokoni na tawi likiwa mkononi. Yeye ndiye hakimu.

Washindani wake

iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 California kama kazi ya wanafunzi na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea, inahitaji akaunti na subira, lakini ina kitu ambacho Pl@ntNet haikipi kipaumbele: watu wanaojibu. Unaweka picha, mtambo unapendekeza jina kwa kuzingatia kilichoonekana karibu, kisha wanaojua jamii hiyo wanakubali au kurekebisha. Kwa mimea ya asili yetu hii ndiyo njia bora. Bustanini kuna kisanduku kimoja kinachosahaulika, cha kuonyesha kwamba mmea umepandwa na mtu. Mwarobaini ulioupanda uuwekee alama hiyo. Mche wake ulioota wenyewe kwenye ufa wa ukuta usiuwekee. Ukichanganya, ramani inaonyesha msitu mahali penye chungu. Kabla ya kupakia chochote cha nyumbani, ficha pia mahali: chagua eneo lifichwe kidogo, vinginevyo dunia nzima inaona ua wako kwa usahihi wa mita chache.

Seek, ya watu hao hao, haihitaji akaunti, ndiyo ya kumpa mtoto. Ikiwa haina uhakika inaishia kwenye jenasi au jamii na kukaa kimya, tabia ambayo ningependa Pl@ntNet iige. Google Lens inafaa kwa maua ya kitalu, kwa kuwa inapekua hadi kurasa za wauzaji. Kwa gugu la uani huleta mapambo yanayofanana nalo.

Zote zikishindwa, kuna hebari, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa: ya Afrika Mashariki kwenye Makumbusho ya Taifa Nairobi, ya Taifa Arusha, na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza kwanza utaratibu na ada. Peleka tawi la sentimita 30 hadi 40 lenye ua na, ikiwezekana, tunda. Litandaze ndani ya gazeti, jani moja likionyesha upande wa chini, weka uzito juu yake, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Kwenye unyevu wa pwani, ukiacha gazeti lilelile siku mbili, ukungu unaingia na sampuli inaharibika. Andika siku hiyohiyo tarehe, mahali, aina ya udongo, urefu wa mmea, rangi ya ua (hupotea likikauka), kama kuna utomvu na wa rangi gani, pamoja na jina la kienyeji na lugha yake.